Umeme Ukikatika, Maji Yanaishia Wapi? Mhadhara kuhusu bomba la kurudisha maji kwenye tangi la samaki lenye sampu

Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, na mafundi bomba mliokuja kutusikiliza, asanteni sana. Nimeombwa nizungumzie bomba moja tu katika mfumo mzima: lile linalopandisha maji kutoka sampu, yaani tangi la chini lenye vichujio, na kuyarudisha tangi la juu wanakoishi samaki. Kwa kawaida mazungumzo haya huanzia kwenye pampu. Ipi ina nguvu, ipi haina kelele, ipi bei yake inavumilika. Mimi nitaanza na pampu ikiwa imezimwa. Umeme wetu hukatika bila hodi, na bomba hili likiwa limepangwa vibaya, saa hiyo ndipo maji yanapohamia sebuleni.

Ili tusiongee hewani, tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50. Ni lita 300. Ndani tumeweka Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wale wanaokula mwani kwenye miamba ya ufukweni. Sampu yake ina urefu wa sentimita 90, upana 40, kimo 40, na imekaa ndani ya kabati chini ya tangi.

Sasa angalieni mfumo unavyofanya kazi. Maji ya juu yakifika kwenye ukingo wa kufurikia, yanamwagika na kushuka sampu kwa uzito wake yenyewe. Pampu inayarudisha. Ikipandisha lita 25 kwa dakika, lita 25 zinafurika kwa dakika, si zaidi wala pungufu. Ndiyo maana kina cha tangi la juu hakibadiliki hata jua likikausha maji mchana kutwa. Upungufu wote unaonekana sampu, kwenye chumba cha pampu, yaani ile sehemu ya sampu ilimokaa pampu.

Umeme ukikatika, mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, yale maji machache yaliyo juu ya ukingo yanamalizikia kushuka. Hilo ni dogo. La pili ndilo lenye hatari: bomba la kurudisha linageuza mwelekeo. Mdomo wake umezama, limejaa maji, na mwisho wake wa pili uko chini. Litanyonya, sawasawa na dereva anavyonyonya mafuta kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari. Halitaacha mpaka mdomo upate hewa.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tangi la 120 kwa 50, kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 3 chini ya uso wa maji, zitarudi lita 18. Sampu yetu, kila sentimita moja ni lita 3.6, kwa hiyo maji yatapanda sentimita 5. Hakuna tatizo. Lakini kuna mtu anapenda kuushusha mdomo sentimita 20, eti usukume uchafu wa chini. Huyo anarudisha lita 120. Sampu iliyokuwa na maji ya kina cha sentimita 22 ina nafasi ya lita 65 hivi. Lita 55 zinabaki hazina pa kwenda, na mwenye nyumba yuko kazini.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa kwenye karatasi yenu, kabla hamjagusa msumeno wala gundi, kiwe umbali kutoka uso wa maji hadi mdomo wa bomba. Sentimita 2 au 3 zinatosha. Tena kwa Tropheus mnapata faida ya pili: mdomo ulio karibu na uso unatikisa maji na kuingiza oksijeni, na samaki hawa wa mawimbi ya ufukweni wanaihitaji sana.

Kuna kinga ya ziada, tundu la hewa. Toboeni bomba kwa ncha ya milimita 4 au 5, chini kidogo tu ya uso wa maji. Pampu ikifanya kazi, tundu linarusha maji kidogo ndani ya tangi. Pampu ikizimika na maji yakishuka kidogo, tundu linavuta hewa na unyonyaji unakatika. Litumieni, ila mlisafishe kila mnaposafisha kioo, kwa sababu mwani na konokono wadogo huliziba. Msitegemee tundu peke yake. Kinga yenu ni mdomo kuwa karibu na uso wa maji.

Na vali ya upande mmoja? Najua mafundi wengi huipenda, na kwenye bomba la kisima ina kazi yake. Hapa siipendekezi kama mlinzi. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, yaani yenye madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9, nasi tunatengeneza maji ya namna hiyo majumbani. Chokaa inaganda kwenye kifuniko cha vali, chembe ya mchanga inakaa pale, konokono anajibanza, na vali haifungi sawasawa. Hata ikivuja taratibu, usiku kucha inatosha kujaza sampu. Halafu kila siku inayopita inaipunguzia pampu nguvu. Mkiiweka, hesabuni kana kwamba haipo.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo watu huisahau. Bomba la kushukia likiziba, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake kikauke. Maji hayo yote yatakwenda juu. Chumba cha pampu cha sentimita 20 kwa 40 chenye maji ya kina cha sentimita 20 kina lita 16. Huko juu zitapandisha maji karibu sentimita 2.7. Je, kati ya uso wa maji na ukingo wa kioo zipo sentimita 3? Kama hazipo, punguzeni ukubwa wa chumba cha pampu. Ukubwa wa sampu nzima si neno. Chumba hiki ndicho kinachoamua.

Sasa tuje kwenye unene wa bomba. Kwa tangi letu nataka lita 1,500 kwa saa, mara tano ya ujazo wake. Mtiririko huo ukipita kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25, tuseme la inchi moja, kila mita ya bomba inakula kimo cha sentimita tatu na nusu hivi kwa msuguano, yaani pampu inataabika kana kwamba inapandisha maji juu zaidi kwa kiasi hicho. Upitisheni kwenye bomba la milimita 15 kwa ndani, lile la nusu inchi, kila mita inakula zaidi ya sentimita 40. Kipenyo kimepungua kwa chini ya nusu, hasara imeongezeka mara 12! Msuguano haupungui kwa uwiano wa kawaida. Kwa mtiririko uleule, ukiongeza kipenyo maradufu unabaki na takriban sehemu moja ya thelathini tu.

Kona nazo zinahesabiwa. Elbo moja ya nyuzi 90 kwenye bomba la inchi moja ni sawa na kuongeza karibu sentimita 75 za bomba lililonyooka. Tatu, tayari mita mbili na robo. Panapowezekana tumieni elbo mbili za nyuzi 45 zilizoachana kidogo, au mpira unaopinda taratibu.

Jumla yetu basi: kutoka uso wa maji wa sampu hadi uso wa maji wa juu ni kama sentimita 105. Pimeni hapo, kati ya nyuso mbili za maji, si kutoka pampu ilipokaa. Ongezeni msuguano wa bomba la inchi moja pamoja na kona zake, sentimita 16 au 20. Tunahitaji pampu inayotoa lita 1,500 kwa kimo cha mita 1.25. Kwenye boksi kuna mchoro wa kimo na mtiririko. Someni huo, msisome namba kubwa ya mbele. Namba ile ni ya kimo sifuri. Pampu iliyoandikwa lita 3,000 inaweza ikabaki na nusu yake ikifika juu. Kwa bomba la nusu inchi, msuguano peke yake ungezidi mita moja na nusu, na mngenunua pampu kubwa, yenye joto na bili kubwa, kwa sababu ya bomba la bei rahisi.

Kwenye pampu wekeni yunioni, yaani kiungo cha kufungua na kufunga, ili mtu aitoe na kuisafisha bila kukata bomba. Kipande kifupi cha mpira laini juu yake kinapunguza mngurumo. Koki iwe upande wa kutolea, kamwe isiwe upande wa kuvutia. Viungo vya shaba viacheni kabisa kama mna kamba au konokono, kwa kuwa shaba huwaua. Gundi ya PVC ikauke kama maelekezo yake yanavyosema, kisha suuzeni bomba kabla ya kuweka samaki.

Dada aliyekaa pale mbele ameuliza swali zuri: mfumo wake tayari umejengwa, mdomo uko chini mno, je, abomoe? Hapana, dada. Kata kipande cha ndani ya tangi tu, weka kifupi, na toboa tundu la hewa. Kisha pampu ikiwa imezimwa na maji yameacha kushuka, jaza sampu hadi sentimita 3 chini ya ukingo wake. Washa. Maji ya sampu yatashuka na kutulia. Bandika tepu kwenye kioo cha chumba cha pampu, pale yalipotulia. Huo ndio mpaka wako wa kujaza wakati pampu inafanya kazi. Mwonyeshe kila mtu wa nyumbani anayekusaidia kuongeza maji. Baada ya hapo chomoa plagi mwenyewe, mchana, ndoo ikiwa karibu, ukae uangalie mpaka maji yasimame.

Mzee kule nyuma anataka kujua atapimaje mtiririko wa kweli. Elekeza mdomo wa bomba kwenye ndoo ya lita 10 iliyoshikwa usawa wa maji, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 24, una lita 1,500 kwa saa. Rudia baada ya miezi michache. Ikichukua sekunde 35, safisha pampu na bomba kabla hujafikiria kununua nyingine.