Nipeleke Mekatilili

Asanteni, keti, keti. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na anavyonijua keshashika saa. Nyinyi wazee wa mbele hii hadithi mmeiskia kwangu mara nyingi, mkitaka kusinzia sinzieni, leo naongea na vijana. Ni ya Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyempinga Muingereza.

Majuzi nilishuka stendi ya Malindi nikaita bodaboda, nikamwambia nipeleke bustani ya Mekatilili wa Menza. Kijana akanitazama juu mpaka chini. "Mekatilili gani mzee, ni skuli?" Nikamwambia pale penye sanamu ya mama. "Aaah, Uhuru Garden! Si ungesema hivo toka mwanzo!" Sasa bustani ile ilipewa jina jipya miaka mingi nyuma, sanamu ikasimamishwa, watu wakapiga makofi, na yule kijana wakati huo labda alikuwa chekechea. Yaani kakua jina lipo na bado halijafika mdomoni mwake. Nikamuuliza, na kwa Vasco da Gama, penye ile nguzo, wapajua? "Kwa Vasco? Panda, mia."

Mnaona? Mreno alifika hapa Aprili 1498, akakaa siku kama kumi, akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, akaenda zake. Siku kumi tu! Kuna wageni wa harusi huku kwetu wanakaa zaidi ya hapo. Lakini yeye mia, panda, na huyu wetu mpaka umwelekeze mtu kwa sanamu.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, mwalimu naye, jina halijazi sufuria, tuambie maji na barabara. Sawa, jina haliliwi. Lakini mbona mkoloni alijisumbua nalo? Kimathi Street ya Nairobi ilikuwa Hardinge, Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere. Wale hawakuwa wajinga, walijua mtu akitaja jina lako kila siku akienda sokoni umeshamuingia kichwani bila kumlipa.

Shida yetu nyinyi mnadhani kazi ya jina inaisha siku kitambaa kikivutwa. Haiishi, ndio inaanza. Jina linashikwa na hadithi, na hadithi tunayo, ni ya kuku.

Ngojeni niieleze vizuri manake kila mtu anaikatakata. Ni 1913. Serikali ya Muingereza inataka kodi ya nyumba na inataka vijana wa Kigiriama wakawe vibarua wa mashamba, na aliyeletewa kazi hiyo ni bwana mmoja Arthur Champion. Sasa Mekatilili alikuwa mjane, mtu mzima, hana cheo chochote, alikuwa anazunguka vijiji na ngoma ya kifudu, ile ya msibani, na pale ngoma ikivuma watu wanajaa, wakishajaa anaongea. Basi wazee wanasimulia kwamba siku ya baraza la Champion mama akaja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia yule mzungu, haya, chukua kifaranga kimoja tu. Champion akapeleka mkono, kuku akamdonoa. Mama akasema, umeona? Hivyo ndivyo utakavyofanywa ukichukua mtoto wetu mmoja. Wengine wanaongeza kwamba mzungu kwa hasira akampiga kuku risasi, na mimi hapo huwa nawaambia watoto wa skuli, mtu mwenye bunduki aliyeshindwa na kuku, muogope nini?

Kwa hivyo ombi langu kwa kaunti, na nimeshaliandika barua nyingi mpaka karani akiniona anajifanya yuko kwenye simu, ni hili: wekeni kuku. Kuku wa saruji na vifaranga vyake, chini, pale watoto wanapopita, wampande na wamvunje mdomo tumtengeneze tena. Mtoto atauliza huyu kuku wa nini, na mamake itabidi ajibu. Mnasema itamdhalilisha shujaa, watu watapaita Kwa Kuku? Wapaite! Kwani kuku alichaguliwa na nani kama si yeye mwenyewe? Kondakta akiita "Kwa Kuku shuka" mimi nitashuka nikilia kwa furaha.

Halafu hata hilo jina tunalolibishania, mnajua si la kuzaliwa? Alizaliwa Mnyazi. Menza ndiye babake. Mekatilili ni mama ya Katilili, kama tunavyomuita jirani mama Fulani. Yaani shujaa wetu mkubwa tunamuita kwa jina la mwanawe, na yeye ugomvi wake wote ulikuwa juu ya watoto, msiniguse watoto wangu. Hapo mimi hunyamaza kidogo.

Naona saa imeinuliwa, haya, mbio mbio. Walimkamata Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika upinzani ule, wakapelekwa Kisii, magharibi ya nchi huko, na Januari 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu, Kisii mpaka hapa, nyinyi mwaita boda kwenda dukani. Huyo Wanje nani kamtaja leo? Tuna barabara ngapi hazina jina? Na Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Muingereza anaingia vitani na Mjerumani, nilikuwa na mengi hapo na kiapo cha mukushekushe cha kina mama, basi tena, mwenyekiti kashasimama.

Maswali. Wewe kijana wa nyuma uliyekuwa unacheka kwenye kuku, usijifiche, mpeni maiki.