Mwarobaini, panya na tone la damu

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Pale mlangoni mama mmoja amenishika mkono, akanionyesha chupa ya maji ya kijani. "Mwanangu, huu mwarobaini unaua sukari, kwa sababu ni mchungu." Nimemwomba akae mbele, maana leo nimekuja kuizungumzia chupa hiyo.

Mama, uchungu na sukari havipigani tumboni. Uchungu ni habari ya ulimi. Sukari ya damu inasimamiwa na insulini inayotoka kwenye kongosho, pamoja na ini linaloiweka sukari akiba na kuitoa. Lakini sikudharau: majani ya mwarobaini yameshusha sukari ya panya katika maabara nyingi. Tatizo ni umbali uliopo kati ya panya yule na chupa hii.

Majani tunayaanika kivulini, tunayasaga, tunayaloweka siku kadhaa kwenye maji au spiriti, tunachuja, kisha tunavukiza taratibu hadi kibaki kitu kizito, cheusi kama lami. Hiyo ndiyo dondoo. Spiriti huvuta kemikali ambazo maji huziacha, kwa hiyo ukibadili cha kulowekea umebadili dawa, ingawa mti ni uleule.

Panya naye hana kisukari. Sisi ndio tunampa. Anadungwa aloksani, inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Saa za mwanzo seli hizo zikifa humwaga insulini yao yote, sukari ikaporomoka, ndiyo maana tunamwekea maji ya sukari asife. Baada ya siku chache sukari hupanda, nasi tunachukua tone la damu kwenye ncha ya mkia na kulipima kwa mashine kama hizo mlizo nazo nyumbani. Kundi moja linapewa dondoo, jingine glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, jingine maji matupu.

Hilo la maji ndilo watu hulidharau. Nilipokuwa mwanafunzi nilipima panya mmoja akasoma 19, yaani milimoli za sukari kwa lita ya damu. Wiki mbili baadaye akasoma 7. Nilikimbia kumwita mwenzangu, mikono inatetemeka kwa furaha. Tulipofungua daftari, panya yule alikuwa wa kundi la maji. Hakuwa ameonja jani hata moja. Baadhi ya panya waliodungwa aloksani hupona wenyewe. Tusingekuwa na kundi lile, leo ningekuwa nawauzia dawa.

Sasa kipimo. Tuseme panya wanapewa miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito. Huwezi kuzidisha kwa kilo zako ukanywa, kwa sababu mwili mdogo huichoma dawa haraka zaidi. Kwa panya huwa tunagawanya kwa 6.2, na mtu wa kilo 70 anapata kama gramu 4.5 za dondoo kwa siku. Ikiwa gramu 100 za majani makavu zimetoa gramu 10 za dondoo, hizo ni gramu 45 za majani makavu kila siku. Ini na figo zako zitasemaje baada ya mwaka? Panya aliyepimwa wiki nne hawezi kutujibu. Tena panya wa aloksani anafanana zaidi na mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini, na wengi wenu hapa mna aina ya pili, ambapo insulini ipo lakini haifanyi kazi vizuri.

Njia hii ya kutoka kwenye mmea hadi kwenye dawa ina mwisho, tumeshauona. Metformini mnayomeza ina asili yake kwenye mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Kemikali yake ya asili ilijaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1920 ikaonekana ina sumu. Metformini, ndugu yake, ilitengenezwa maabara mwaka 1922, na ni mwaka 1957 ndipo daktari Jean Sterne wa Ufaransa alipotangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa kisukari. Miaka 35!

Jirani yetu mmoja hakuwa na muda huo. Muuza dawa wa stendi alimwambia aache sindano za insulini, anywe majani. Siku ya nne alikuwa anapumua kwa kasi, mdomo unanuka kama matunda yaliyochacha. Tulimzika wiki ileile. Nikikumbuka bado naumia.

Kwa hiyo, mama, vidonge usiache. Ukiyanywa maji hayo juu ya glibenklamidi, sukari inaweza kushuka chini ya 4: utatoka jasho, utatetemeka, utachanganyikiwa. Mwambie daktari wako, usimfiche. Nami naomba uniletee tawi la mti huo lenye majani na maua, tulikaushe na kuliandika jina. Chupa yako nitaipeleka maabara kesho asubuhi, nawe uniambie umechemsha majani mangapi, kwa maji kiasi gani, kwa muda gani.