Misuli Bila Kitambi

Habari za jioni, ndugu zangu. Naona wengine mmekaa upande upande. Bila shaka jana ilikuwa siku ya miguu. Poleni.

Nimekuja na vitu viwili tu mfukoni. Hili ni daftari, na hii ni futi ya fundi cherehani. Mizani nimeiacha nyumbani kwa makusudi.

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka kujaza mwili. Kila mwenye mkono mnene kuliko wangu alinipa ushauri ule ule: kula, kula tena, mafuta utayatoa baadaye. Nikala. Ndani ya miezi mitano niliongezeka kilo 11, nikajiona simba. Siku moja nikainama kufunga kamba za viatu, nikajikuta nimebana pumzi kama mpiga mbizi. Hofu ikanishika. Nikaanza kula nusu sahani na kukimbia kila alfajiri. Wiki kumi baadaye kitambi kiliondoka, lakini hakikuondoka peke yake. Uzito niliokuwa nachuchumaa nao mara nane, sasa nilifika mara tatu, magoti yakitetemeka. Hesabuni wenyewe: miezi saba na ushee ya jasho, na nimerudi pale pale.

Uvivu haukuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa pupa. Msuli ni fundi wa polepole. Ukimshushia tofali elfu kwa siku hatajenga haraka zaidi, tofali zitarundikana uani tu. Na uani ni hapa, kiunoni.

Basi tofali ngapi? Tafuta kwanza kiasi cha chakula kinachokuacha kwenye uzito ule ule kwa wiki mbili. Kisha ongeza kalori 200 hadi 300 kwa siku, si zaidi. Mtu wa kilo 70 anayeanza kupiga vyuma akiongezeka gramu 200 hadi 350 kwa wiki, anakwenda vizuri. Aliyezoea vyuma kwa miaka aridhike na pungufu ya hapo, maana mwili wake umeshajenga vyumba vile vya rahisi.

Na mwenye kitambi tayari? Huyo asiongeze kitu. Apunguze kidogo, anyanyue, na protini aishike kwa mikono miwili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa matokeo ya vijana wanaume wenye uzito uliozidi. Kwa wiki nne walikatiwa asilimia 40 ya kalori zao huku wakifanyishwa mazoezi makali. Kundi moja lilikula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, jingine 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza kilo 3.5 za mafuta na misuli ikabaki ilivyo. La pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na likaongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Katikati ya njaa! Sisemi muwaige, wale walisimamiwa siku hadi siku, na mwezi mmoja si maisha. Lakini anayewaambia haiwezekani kujenga huku unapungua, mwambieni inawezekana, hasa kwa mgeni wa vyuma na mwenye akiba ya mafuta.

Kwa siku za kawaida 2.4 ni nyingi mno. Uchambuzi uliojumlisha tafiti 49, uliotoka 2018, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini inafifia ukishafika karibu gramu 1.6 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 112. Tuiweke mezani: mayai matatu yana kama 18, kuku aliyepikwa gramu 150 ana kama 45, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, vikombe viwili vya maziwa 16, na kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Umefika. Igawe katika milo mitatu au minne, usiirundike yote usiku. Ile poda ya kwenye makopo ni chakula kama chakula kingine, ila imesagwa. Kama sahani inatosha, kopo la nini? Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kuonana na daktari wake.

Wanga msiufukuze. Seti ya mwisho ya kuchuchumaa, ile duru ya mwisho ya marudio, inaendeshwa na glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya msuli. Na kila gramu ya glikojeni huwekwa pamoja na kama gramu tatu za maji. Ndiyo maana mtu akiacha wanga siku nne mizani inashuka kilo moja au mbili, anashangilia. Kaka, hayo ni maji. Mmeona kwa nini mizani nimeiacha?

Sasa kadio, yaani mazoezi ya pumzi kama mbio na baiskeli, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi. Kuna kambi mbili, na zote mbili zinanichosha. Moja inasema mbio zinakula misuli, nyingine inasema bila mbio mafuta hayatoki. Mwaka 1980 Robert Hickson alichapisha jaribio la wiki kumi. Kundi la kwanza lilinyanyua siku tano kwa wiki, la pili lilifanya mazoezi ya pumzi siku sita, la tatu likabeba ratiba zote mbili. Kundi hilo la tatu nguvu za miguu zilipanda kama za wanyanyuaji hadi karibu wiki ya saba, kisha zikasimama, mwishoni zikaanza kushuka. Lakini tazameni dozi: siku tano za chuma na sita za pumzi, juu ya miguu ile ile! Nani kati yenu ana ratiba hiyo? Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kukimbia kunaingilia zaidi kuliko baiskeli, na kadiri kadio inavyozidi siku na dakika ndivyo inavyobana.

Kwa hiyo mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30, na siku nyingine tembeeni sana. Kadio na chuma vikiangukia siku moja, chuma kitangulie, au muachanishe kwa saa sita hivi. Moyo utashukuru, na pumzi itawasaidia kati ya seti. Ila msiipe kadio kazi ya jiko. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita tano anachoma kama kalori 350. Viganja viwili vya karanga, umesimama tu unapiga soga, vimezirudisha zote.

Kijana wa shati la kijani, njoo mbele. Futi inapita kitovuni, iwe sawa mbele na nyuma, iguse ngozi bila kubana. Toa pumzi kawaida. Hapana, usivute tumbo, hatupigi picha! Haya, namba iende daftarini. Fanya hivi asubuhi, umetoka msalani, hujala, mara moja kwa wiki. Ukurasa wa pili andika uzito wa chuma na marudio. Chuma kikipanda na futi ikitulia, usiguse kitu. Futi ikiongezeka sentimita mbili kwa mwezi, punguza kama kalori 150. Futi ikishuka na chuma nacho kikishuka, unajinyima. Kula.

Kuna mkono kule nyuma. Dada anauliza: analala saa sita usiku, anaamka saa kumi na moja kukimbia, afanyeje? Dada yangu, mwaka 2010 kulitoka utafiti wa watu kumi waliokuwa kwenye mlo wa kupunguza, wiki mbili wakipewa saa 8.5 za kitandani, wiki mbili nyingine saa 5.5. Uzito ulipungua karibu sawa, kama kilo tatu. Lakini walipolala sana walitoa mafuta kilo 1.4, na waliponyimwa usingizi wakatoa 0.6. Sehemu kubwa ya kilo zilizobaki ilikuwa mwili usio na mafuta. Lala. Mbio zipeleke jioni, mara mbili kwa wiki, na alfajiri hiyo uibakize shukani.

Kijana, futi yangu tafadhali.