Kaskazini ya Kale Ndani ya Lava

Mabibi na mabwana, tazameni ramani ya California. Safu nyingi za milima kule hufuata pwani, kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Ukikaribia Los Angeles unakuta milima ya Transverse imelala mashariki-magharibi, imewakatia wenzake njia. Ilifikaje hapo?

Jibu limo katika lava. Inapopoa chini ya nyuzijoto 580, chembe zake za magnetaiti, madini yenye chuma na usumaku, hushika uelekeo wa uga wa sumaku wa dunia, na hukaa nao. Jinsi uelekeo huo ulivyoinama hutuonyesha latitudo. Jinsi ulivyokwenda kando ya kaskazini hutuonyesha kama mwamba umezungushwa tangu hapo. Mwaka 1979, watafiti Kamerling na Luyendyk walichapisha vipimo vya eneo la milima ya Santa Monica: kaskazini ya kale, ile iliyohifadhiwa ndani ya miamba, ilikuwa imegeukia mashariki. Leo tunakadiria kwamba sehemu ya magharibi ya milima ya Transverse imezunguka takriban nyuzi 90 kufuata mishale ya saa, ikisagwa kati ya mabamba mawili makubwa ya gamba la dunia yanayosogea, la Pasifiki na la Amerika Kaskazini.

Ila msikimbilie kushangilia. Uga wa dunia huyumba, hivyo mtiririko mmoja wa lava hubeba habari za muda mfupi tu. Lazima upime mitiririko mingi ya nyakati tofauti, ndipo upate wastani. Hata huko porini kuna mtego: lava yenye usumaku mkali huvuta sindano ya dira, kwa hiyo tunaelekeza sampuli kwa kivuli cha jua na saa.

Maabarani, vipande vya mwamba vya mviringo vya kipenyo cha sentimita 2.5 hupashwa moto hatua kwa hatua katika tanuri lililokingwa dhidi ya sumaku. Usumaku wa juzijuzi, kwa kawaida, hung'oka kwanza. Ule ulioachwa na radi iliyopiga mwamba ni mkaidi zaidi. Tunaouamini ni ule unaopungua kwa mstari ulionyooka hadi sifuri.

Kinachonitia shaka zaidi, lakini, ni mkunjo, yaani pale tabaka za miamba zilipopindwa. Tabaka lililoinama hurudishwa kwanza kwenye ulalo wake wa asili, kwa hesabu. Kama mhimili wa mkunjo wenyewe, yaani mstari ambao tabaka zimepindwa kuuzunguka, umeinama, hesabu ya kawaida huzaa mzunguko ambao haukutokea kamwe. Mtu akikuletea nyuzi 15 za mzunguko kutoka kwenye miamba iliyokunjwa, muulize kwanza habari za mhimili.