Mbunge wa Viti Maalum Ni Mbunge wa Nani?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nijibu kama viti maalum, yaani viti vya ubunge vilivyotengwa kwa wanawake, vinamwinua kweli mwanamke wa kawaida. Mimi naanza na swali lililotangulia hilo: kiti chenyewe kinapatikanaje?

Hapa Tanzania viti hivi vilikuwa 15 mwaka 1985. Baada ya uchaguzi wa 2020 vilifika 113. Ongezeko hilo ni kubwa, ila mpiga kura hamchagui yeyote kati ya hao. Vyama hugawiwa viti kwa kadiri ya kura vilizopata, na majina hutoka ndani ya chama. Ndani ya CCM, chama tawala, mgombea huenda kwa wajumbe wa UWT, umoja wa wanawake wa chama hicho, mkoani kwake. Hao ndio anaowatembelea, hao ndio anaowakumbuka. Mama anayeuza mboga sokoni hana kura ya kumpa, na asiporidhika naye miaka mitano baadaye, hana kura ya kumnyima.

Mnakumbuka Novemba 2020, wanawake 19 wa CHADEMA, chama cha upinzani, walipoapishwa kuwa wabunge wa viti maalum, chama chao kikasema hakikuwateua, kisha kikawavua uanachama. Shauri likaenda mpaka mahakamani. Chama kilisema, Spika alisema, mawakili walisema. Mimi nilikuwa nasubiri mtu mmoja aulize wanawake wanaowakilishwa wanasemaje. Sikumsikia, na kwa utaratibu tulionao hakukuwa na sababu ya kuwauliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu kiti chenyewe kimepunguzwa makali. Mfuko wa kuchochea maendeleo huenda jimboni, kwa hiyo mbunge wa viti maalum hana fungu hilo. Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Na katika majimbo yenyewe, mwaka 2020 wanawake walishinda takribani moja tu katika kila kumi. Miaka thelathini na mitano ya viti maalum haikuwafungulia mlango huo.

Je, wingi wao umebadilisha sheria? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Bunge lililoapishwa mwaka uliofuata lilikuwa na wanawake zaidi ya theluthi moja. Nani kati yao angepoteza kiti kwa kunyamaza?

Rwanda tunaisifu, na inastahili. Wanawake walipita nusu ya wabunge mwaka 2008, na sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia ilisukumwa na wabunge wanawake wenyewe. Lakini Bunge hilohilo, mwaka 2009, lilipitisha sheria ya kazi iliyopunguza likizo ya uzazi yenye malipo kamili kutoka wiki 12 hadi 6. Mwajiriwa aliyejifungua wakati huo hakufaidika na wingi wa wanawake bungeni. Uganda nako, mwaka 1998, mbunge Miria Matembe na wenzake walipigania kifungu cha mke kumiliki ardhi pamoja na mumewe. Kilikubaliwa bungeni, sheria ilipochapishwa hakimo.

Kuna watakaonijibu kwamba bila viti hivi Bunge lingebaki la wanaume. Nakubali, na sitaki vifutwe kesho. Nataka vipigiwe kura. Kenya wamefanya hivyo: kila kaunti kati ya 47 humchagua mwakilishi wake mwanamke, na wanaume kwa wanawake humpigia kura. Huyo anaweza kuangushwa. Hata huko, mwanamke akitaka ubunge wa jimbo huambiwa aende kwenye kiti cha wanawake, na mwaka 2022 walioshinda majimbo walikuwa 29 kati ya 290. Kwa hiyo naongeza sharti la pili: kikomo cha vipindi viwili, baada ya hapo aende jimboni akaombe kura kama wengine, na chama chake kilazimike kusimamisha wanawake huko, katika majimbo kinayoweza kushinda.

Haya mawili yanahitaji marekebisho ya Katiba. Muda wa kuyadai ni sasa, kabla majina ya 2030 hayajaanza kupangwa.