Ugonjwa Ambao Mgonjwa Hakuja Nao

(Mhadhara uliotolewa Arua, Uganda, mbele ya manesi, wasafishaji wa wodi, wanakamati wa vituo vya afya na ndugu wanaouguza wagonjwa)

Mheshimiwa mwenyekiti, waganga na manesi wenzangu, wazee wetu wa kamati za vituo vya afya, na ninyi akina mama mliowaacha wagonjwa wenu kwa jirani wa kitanda ili mje kusikiliza: nawasalimu nyote. Nimeombwa niseme Kiswahili, kwa kuwa humu ndani kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi na ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka upande wa Ariwara, Kongo, na hii ndiyo lugha inayotukutanisha.

Mama anaingia hospitali, anafanyiwa upasuaji, mtoto analia, watu wanashangilia. Siku ya nne joto linapanda. Kidonda kinaanza kutoa usaha. Wiki mbili baadaye tunamzika, na matangani watu wanasema amefariki kwa uzazi. Mimi nakataa. Uzazi ulikwisha salama. Kilichomuua ni vijidudu alivyovikuta kwetu, na sisi hatukukiandika popote.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake mwaka 2022. Katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye hospitali za nchi tajiri, 7 hupata angalau ambukizo moja wakiwa wamelazwa. Katika nchi za kipato kama chetu ni 15. Na katika kila 10 wanaoambukizwa, 1 hufa. Fikirieni wodi yenye vitanda 40, watu sita ndani yake wakiugua ugonjwa ambao hawakuja nao. Hayo tumezoea kuyaita majaliwa ya Mungu. Mungu hakutuzuia kuweka sabuni kwenye sinki.

Vijidudu hivi havina miguu. Hubebwa na mikono, na njia zake tunazijua: kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa, iliyosahauliwa mkononi siku nyingi, mpira wa mkojo, kidonda cha upasuaji, kitovu cha mtoto mchanga, godoro lililochanika plastiki likanyonya damu. Wengine wenu mmesikia jina la Klebsiella, mmoja wa bakteria hao. Huyo na wenzake wamekaa hospitalini muda mrefu, wamezizoea dawa zetu. Seftriaksoni, sindano ya antibiotiki ambayo kila mtu humu anaijua kwa jina, haiwatishi tena mara nyingi. Hapo ndipo ndugu wa mgonjwa anapoandikiwa karatasi aende kutafuta meropenemu, antibiotiki yenye nguvu zaidi, kwenye duka la dawa mjini. Anauza mbuzi. Akirudi kuambiwa aongeze vichupa vingine, anauza ng'ombe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Kila mwaka tunafanya mafunzo ya kunawa mikono. Tunawaita madaktari na manesi, tunawaonyesha mabango ya nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka kanula, baada ya kugusa damu au mkojo, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Ni mafunzo mazuri, nami nimeyafundisha. Lakini tuulizane: katika hospitali za Uganda, ni nani anayemgusa mgonjwa zaidi?

Usiku nesi mmoja ana wodi nzima. Anayemgeuza mgonjwa ni dada yake aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Ndiye anayemwosha, anayemwaga mfuko wa mkojo, anayefua kitenge kilicholowa usaha, kisha anatoka nje kusonga posho, yaani ugali, na kurudi kumlisha. Nataka mlitazame karai lake. Asubuhi limemwogeshea mgonjwa. Saa nne limefuliwa nguo. Mchana limeoshewa sahani. Jioni jirani wa kitanda cha pili ameliazima amwogeshee mtoto wake. Mama huyu hana kosa. Amekuja na karai moja kwa sababu ndilo alilo nalo, na hakuna mtu aliyemwambia neno tangu alipopita getini, isipokuwa saa za kuona wagonjwa na mahali pa kuanikia nguo.

Wa pili ni msafishaji. Wengi wao wameajiriwa na mkandarasi, mshahara mdogo, buti hana, glavu anazoea kuziosha na kuzivaa tena. Ndoo moja ya maji inaanzia kwenye pembe ya wenye vidonda na kumalizikia kwa watoto wachanga. Nimemwona msafishaji akimwagia klorini juu ya dimbwi la damu, kisha akapitisha mopa, akiamini amemaliza. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba uchafu huimaliza nguvu klorini. Kwamba unafuta damu kwanza, unasugua kwa sabuni na maji, ndipo unapaka klorini ya asilimia 0.5, iliyochanganywa siku hiyo hiyo, na kuiacha ifanye kazi. Mafunzo yalifanyika, naam. Yeye alikuwa anadeki korido.

Kwa hiyo tukitaka kweli kutokomeza maambukizi haya, mafunzo yaanze na hawa wawili. Mtu anayeuguza apewe maelezo siku ya kulazwa, kwa lugha yake, na nesi au mhudumu wa afya wa kijiji: karai la mgonjwa ni la mgonjwa, kidonda hakifunguliwi kuangaliwa, mikono inanawiwa kabla ya kumlisha na baada ya kumwaga mkojo. Msafishaji aingie kwenye kamati ya kuzuia maambukizi, aketi mezani, asikilizwe.

Glavu nazo zimetudanganya. Glavu iliyogusa wagonjwa watatu inamlinda aliyeivaa tu.

Msiniambie kwamba Waganda hatuwezi. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, watu 425 waliugua na 224 wakafa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor ndiye aliyeutambua ugonjwa ule mapema, akatenga wodi, akapanga zamu za kujitolea. Usiku mmoja aliitwa kumsaidia nesi aliyekuwa anavuja damu. Alivaa gauni, barakoa na glavu, macho hakuyakinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mwaka 2022 ilipoibuka tena Mubende, walithibitishwa wagonjwa 142, wakafa 55. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, saba kati yao tukawazika. Katika vipindi hivyo ndoo zenye koki zilisimama kila mlango, hakuna aliyepita bila kunawa. Gonjwa likitangazwa limekwisha, ndoo zinapasuka jua likiziona, koki zinang'olewa, tunarudi kwenye mazoea. Klebsiella haina siku ya kutangazwa imekwisha. Inaua mmoja mmoja, bila redio kusema.

Kuhusu maji: muuguzi aliye mbali na bomba hatanawa mara 60 kwa zamu, hata umfundishe miaka kumi. Mweke dawa ya kusugulia mikono pale kitandani, atasugua sekunde 20 hadi 30 na kuendelea. Dawa hiyo wafamasia wetu wanaweza kuichanganya kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 80, haidrojeni peroksaidi kidogo, gliserini ya kulinda ngozi. Kule wilaya ya Kabarole wamekwisha kutengeneza ya kwao. Miwa tunayo, na kiwanda cha sukari cha Kakira kinatengeneza ethanoli kutoka kwenye molasi, masalio ya sukari. Kituo kikisema hakina pesa ya dawa ya mikono, tuulize kinatumia kiasi gani kwa antibiotiki.

Na tuhesabu. Ambukizo la kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku 30, lakini mama wa upasuaji anarudi nyumbani baada ya siku chache. Kidonda kinafumukia kijijini, na daftari la wodi linaonyesha aliondoka mzima. Wahudumu wa vijiji ndio wanaoweza kuziba pengo hilo, wakimtembelea na kuuliza maswali mawili: una joto? Kidonda kinatoa maji? Anayeleta habari mbaya asiadhibiwe. Nesi akijua atafokewa, ataandika malaria.

Wapo wanaosema sifuri haiwezekani, tukubali wachache. Sawa, niambieni hao wachache watatoka ukoo gani. Tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2011 baada ya akina mama kufa hospitalini wakijifungua, iliamua kwamba serikali ilivunja Katiba kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi. Kwa hiyo wanakamati, mnapodai maji safi kwenye chumba cha kujifungulia hamwombi hisani.

Kikao chenu kijacho kitanguliwe na ajenda tatu: ni vitanda vingapi vina dawa ya mikono karibu, ni wasafishaji wangapi wamefundishwa, na ni vidonda vingapi vilioza mwezi uliopita. Asiye na jibu la tatu aanze daftari siku hiyo hiyo. Sasa nipokee maswali, na naomba tuanze na wasafishaji walioketi nyuma.