Sahani ya Pili

(Muziki unashuka)

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Mimi Zuhura, na Baraka leo kaja kanuna.

BARAKA: Sijanuna, dada. Nimetazama filamu nne za Aki Kaurismäki tangu Jumamosi. Uso umeganda.

ZUHURA: (anacheka) Mwongozaji wa Kifini huyo! Hebu watambulishe watu.

BARAKA: Kazaliwa 1957. Kabla ya kamera alisambaza barua, akaosha vyombo. Filamu yake ndefu ya kwanza, mwaka 1983, ni Uhalifu na Adhabu, riwaya ya Mrusi Dostoevsky, kaihamishia Helsinki. Yaani mtu anaanza na mlima huo!

ZUHURA: Ujana.

BARAKA: Iliyonishika mimi ni ya 1990, ya binti wa kiwanda cha viberiti. Inaanza na gogo. Mashine inalimenya, inalikatakata, njiti zinapita, maboksi yanapita. Binti unamwona mikono kwanza, uso baadaye. Kimya!

ZUHURA: Mimi nilidhani spika imekufa. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

BARAKA: Na skripti anaandika mwenyewe. Filamu yenyewe haifiki hata dakika 70. Ukiniuliza, kalamu yake inafanya kazi zaidi kwenye kufuta.

ZUHURA: Hapo tutagombana. Kuna saa anabana maneno mpaka anakera. Mtu kaachwa, kafukuzwa kazi, anawasha sigara tu?

BARAKA: Mwenyewe hakuwa bubu lakini. Mwaka 2002 filamu yake ya mtu aliyepoteza kumbukumbu ilichukua tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Tamasha la filamu la New York likamwalika. Akasikia Abbas Kiarostami, yule mwongozaji Muirani, kanyimwa viza ya Marekani. Naye akagoma kwenda.

ZUHURA: Hilo nampa heko. Basi ndiyo maana ya filamu yake *Le Havre*, 2011, jina la bandari ya Ufaransa. Kijana wa Gabon katoroka kwenye kontena, yumo majini bandarini. Mzee mpiga kiwi viatu amekaa pale anakula chakula chake. Kijana anamuuliza, hapa ni London?

BARAKA: Na mzee hashangai! Anamwambia London ng'ambo ya bahari. Halafu anamwachia chakula.

ZUHURA: Muziki wa huruma hakuna, hotuba hakuna. Sawa, pale ukimya ulinishinda.

BARAKA: Si unaona? Mwaka 2017 akasema anastaafu. 2023 huyo karudi Cannes na *Fallen Leaves*, kaondoka na Tuzo ya Jopo la Majaji.

ZUHURA: Wastaafu hawa! Ila subiri, sehemu ya sahani humo niachie mimi. Ansa anaishi peke yake, kamwalika mwanaume chakula cha jioni. Anaenda dukani kununua sahani moja, uma mmoja, kisu kimoja. Kwa sababu nyumbani ana vya mtu mmoja tu.

BARAKA: Eeh.

ZUHURA: Jamaa anakuja, pombe inawagombanisha, anaondoka. Ansa anaichukua ile sahani mpya…

BARAKA: …anaitupa kwenye pipa la taka.

ZUHURA: Bila neno, Baraka. Nilisimamisha filamu, nikaenda jikoni kuhesabu sahani zangu.

BARAKA: Zilikuwa ngapi?

ZUHURA: Weka muziki, kaka.